Mwongozo kamili: namna ya kuchagua bidhaa ya kutangaza kwa kamisheni bila kujichosha na bila kuharibu jina lako

Ujumbe ninaoupata karibu kila wiki unafanana: "Kaka, nimeweka linki status mwezi mzima, watu wanaona, wengine wanabofya, kamisheni sifuri. Nakosea wapi?" Nikiomba nioneshwe linki yenyewe, mara nyingi naona tatizo kabla hata sijasoma tangazo. Mtu wa Morogoro anawatangazia watu wa Morogoro bidhaa ya Amazon inayodai kadi ya benki na wiki kadhaa za kusubiri mzigo. Tangazo halina kosa. Kilichokosewa ni bidhaa.

Kazi hii ya afilieti, yaani kutangaza bidhaa ya mwingine na kulipwa mtu akinunua kupitia linki yako, ni udalali, tofauti ni kwamba inafanyika kwa linki. Dalali wa vyumba Dar es Salaam anachukua kodi ya mwezi mmoja, na huchukua hata kama choo kinavuja. Wewe huwezi, kwa sababu dalali yule hakutani tena na mpangaji, ila wewe unabaki naye kwenye grupu lilelile.

Hatua ziko nane. Usiruke ya pili na ya sita. Wengi wanaoniandikia wameruka mojawapo.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari au jedwali kwenye simu. Usitegemee kichwa.
- Historia yako ya mazungumzo: maswali uliyoulizwa WhatsApp, TikTok, au ana kwa ana katika miezi mitatu iliyopita.
- Pesa ya kununua bidhaa moja kwa bei kamili. Kama huna, chagua bidhaa ya bei ndogo. Usichague kuruka hatua.
- Njia ya kupokea malipo iliyokwisha kuthibitishwa kwa jina lako, lilelile lililo kwenye kitambulisho.
- Wiki tatu za kuchagua kabla ya kutangaza chochote. Ndiyo, tatu.

Ili tusizungumze hewani, tutaenda na mfano mmoja hadi mwisho: mwalimu wa ushonaji anayefundisha kwa video fupi, ana wafuasi elfu chache, wengi wao mafundi cherehani na wasichana wanaojifunza. Bei na asilimia nitakazotumia ni za mfano. Weka zako.

## Hatua ya 1: Anza na maswali, achana na katalogi

Wengi huanza kwa kufungua orodha ya bidhaa na kuzipanga kwa kamisheni, kubwa juu. Ndivyo mwalimu wa ushonaji anavyojikuta anatangaza biashara ya fedha za kigeni kwa watu waliomfuata kujifunza kukata sketi ya solo.

Andika maswali uliyoulizwa kweli, kwa maneno ya waliouliza. "Mkasi huo unauzwa wapi?" "Overloki ya kuanzia ninunue ipi, ya nyuzi tatu au nne?" (Overloki ni mashine ya kufunga kingo za nguo.) "Nawezaje kujifunza kukata ruwaza bila kuja darasani?" Kisha weka alama kwenye maswali ambayo jibu lake ni kununua kitu.

Sababu ni kwamba mwenye swali yuko njiani tayari, wewe unamwonesha duka tu. Asiye na swali inabidi umshawishi, na kumshawishi mtu anayetumia bando la siku, aliyekwisha kupigwa na matapeli mara mbili, ni kazi kubwa kuliko kamisheni yoyote.

Umefanikiwa ukiwa na maswali kumi au zaidi, na angalau matatu yanaishia dukani. Ukikosa hata hayo matatu, bado hujawa na watu wa kuwauzia. Endelea kufundisha, urudi baadaye.

## Hatua ya 2: Pitisha kila bidhaa kwenye milango mitatu

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo. Bidhaa ikishindwa mlango mmoja, ifute hata kama unaipenda.

Mlango wa kwanza: mteja wako anaweza kulipa? Fungua ukurasa wa bidhaa kwa simu ya kawaida, nenda hadi mahali pa kulipia. Je, kuna M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, au kulipa mzigo ukifika? Au kuna kadi tu? Kama ni kadi tu, jiulize ni wangapi kati ya watu wako wanayo na wanaiamini kuitumia mtandaoni. Usijibu kwa kukisia. Waulize kwenye grupu.

Mlango wa pili: bidhaa itamfikia? Duka la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, lakini nakutana bado na linki zake za Kenya zikizunguka kwenye magrupu ya Mwanza. Anayebofya anaona bei kwa shilingi ya Kenya na vituo vya kuchukulia mzigo vya Kisumu na Nakuru. Kwa mwalimu aliyeko Nakuru linki hiyohiyo ni dhahabu.

Amazon nayo si mbaya kwa kila mtu. Kama wafuasi wako ni Waswahili waliohamia Marekani au Uingereza, wana kadi, wana anwani, na mzigo unafika mlangoni. Nenda kwenye takwimu za akaunti yako ukaone watu wanatoka wapi. Nimewahi kumwona mtu akiacha Amazon kwa kufuata ushauri wa jumla, kumbe nusu ya watazamaji wake walikuwa Ughaibuni.

Bidhaa za kidijitali zinavuka mlango huu kirahisi, lakini angalia ukubwa. Kozi ya video nzito kwa mtu wa bando dogo haijamfikia, hata kama ameilipia.

Mlango wa tatu: kamisheni itakufikia wewe? Mkenya mwenye PayPal, akaunti ya malipo ya mtandaoni, amekuwa akiweza kutoa pesa kwenda M-Pesa tangu 2018. Akaunti ya PayPal ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia tu, haipokei. Kwa hiyo usisome "tunalipa duniani kote" ukaridhika. Ingia kwenye mipangilio ya malipo, chagua nchi yako, uone njia zinazobaki: Payoneer, benki, hundi, au hakuna. Fanya hivyo siku unayojisajili. Kugundua siku ya kutoa pesa ni maumivu mengine.

Mwalimu wetu alianza na bidhaa tisa. Baada ya milango zimebaki tatu: mkasi wa fundi, overloki inayouzwa na duka lenye usafirishaji wa mikoani, na kozi ya kukata ruwaza inayolipiwa kwa simu.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya pesa ya mkononi

Asilimia ni chambo. Ya 50 inaweza kukuachia kidogo kuliko ya 4. Unachotafuta ni thamani ya mbofyo mmoja: kamisheni zote zilizobaki baada ya marejesho, ugawe kwa idadi ya waliobofya.

Tuchukue mibofyo 200 kwa kila bidhaa:

- Kozi, sh 150,000, kamisheni 50%, yaani sh 75,000. Wananunua wawili, mmoja anadai pesa yake. Inabaki sh 75,000, sawa na sh 375 kwa mbofyo.
- Overloki, sh 600,000, kamisheni 4%, yaani sh 24,000. Wananunua wawili, hakuna anayerudisha. Sh 48,000, sawa na sh 240 kwa mbofyo.
- Mkasi, sh 30,000, kamisheni 8%, yaani sh 2,400. Wananunua wanane. Sh 19,200, sawa na sh 96 kwa mbofyo.

Kozi inaongoza, si ndiyo? Sasa weka kiwango cha chini cha kutoa pesa. Tuseme wenye kozi hawalipi mpaka ufikishe sh 200,000. Unahitaji mauzo matatu yaliyosimama, na kila mibofyo 200 inakupa moja. Ni mibofyo 600 kabla ya kuona shilingi. Duka la overloki linalipa kuanzia sh 20,000, kwa hiyo pesa yako inatoka mwezi huohuo.

Kwa anayeanza ningechagua overloki kwanza. Kozi ningeisogeza hadi nipate watu wengi zaidi. Na mkasi nisingeutupa, ingawa hesabu yake ni ndogo. Fundi aliyenunua mkasi wa elfu thelathini kwa neno lako, ukamfika na ukakata vizuri, ndiye atakayekuuliza kuhusu overloki ya laki sita. Mkasi huo ndio unaoifungulia overloki mlango.

Huna takwimu zako bado? Kadiria chini: mnunuzi mmoja kwa kila mibofyo 100, na chini ya hapo kwa bidhaa ya bei kubwa. Kama hesabu haivutii kwa makadirio hayo, haitavutia kwa uhalisia.

Angalia pia msimu. Mafundi wananunua mashine kabla ya Ramadhani, kwa sababu ya nguo za Idi, na tena kuelekea Krismasi na kufunguliwa kwa shule. Ukipima overloki katikati ya msimu wa kazi chache ukaiona haiuzi, umepima kalenda, hujapima bidhaa.

## Hatua ya 4: Soma masharti kama mtu anayesaini mkataba wa shamba

Inachosha, lakini soma. Tafuta mambo haya, uyaandike kwa maneno yako.

Muda wa kumbukumbu ya linki: mteja akibofya leo, akinunua keshokutwa, unalipwa? Amazon inakupa saa 24, isipokuwa ameiweka bidhaa kwenye kikapu ndani ya muda huo, ambapo unapata hadi siku 90. Kwa watu wetu wanaosubiri mshahara au mchezo wa kupeana, saa 24 ni chache mno kwa bidhaa ya bei kubwa.

Muda wa kushikilia pesa: Amazon hulipa takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kuisha. Wengine husubiri kipindi cha marejesho kiishe. Usipange kodi ya nyumba kwa kamisheni ya mwezi huu.

Yanayofungisha akaunti: Amazon humtoa mshiriki asiyepata mauzo matatu ndani ya siku 180 za mwanzo, na manunuzi yako mwenyewe kupitia linki yako hayahesabiwi. Programu nyingi za afilieti pia zinakataza kulipia matangazo kwa kutumia jina la kampuni yenyewe.

Tahadhari: kama masharti hayapo popote, au yapo lakini yanasema wanaweza kubadilisha kamisheni iliyokwisha kupatikana, ondoka.

## Hatua ya 5: Mchunguze muuzaji, si bidhaa tu

Bidhaa nzuri kwa muuzaji mbovu ni ugomvi unaosubiri. Fanya haya:

1. Tafuta usajili wa kampuni: BRELA kwa Tanzania, eCitizen kwa Kenya.
2. Angalia tovuti ilisajiliwa lini kwa kutumia huduma za whois zilizo bure. Kampuni inayojisifu kwa "uzoefu wa miaka kumi" na tovuti ya miezi miwili inakudanganya.
3. Tafuta jina lake pamoja na maneno "utapeli", "wamenitapeli", "sijarudishiwa". Malalamiko machache ni kawaida. Soma kama walijibu.
4. Waandikie huduma kwa wateja ukiwa kama mnunuzi. Uliza swali gumu, halafu uhesabu saa.

Usitegemee umaarufu wa bidhaa sokoni peke yake. Kwenye ClickBank, soko la mtandaoni la bidhaa za afilieti, kwa mfano, kuna namba iitwayo Gravity, na watu huisoma kama idadi ya mauzo. Sivyo. Inahesabu madalali waliofanikiwa kuuza katika wiki 12 zilizopita, wa karibuni wakipewa uzito zaidi. Haisemi chochote kuhusu wateja waliorudisha.

Sasa aina za bidhaa ambazo mimi sizigusi, au nazigusa kwa koleo.

Unalipa ili ujiunge, unalipwa ukileta watu. Hiyo siyo afilieti, ni upatu. Watanzania "waliopanda mbegu", yaani kuweka pesa zao, kwenye upatu wa DECI mpaka ulipozimwa 2009 hawahitaji maelezo. Jaribio ni rahisi: ondoa wanachama wapya kwenye hesabu. Je, kuna mtu wa nje anayenunua kitu kwa sababu anakihitaji? Kama hayupo, funga ukurasa.

Kamari na "binary" (kubashiri kama bei ya kitu sokoni itapanda au itashuka). Programu nyingi za kamari hukupa sehemu ya kile walichopoteza watu uliowaleta. Yaani kipato chako kinapanda jirani yako anapoumia. Binary zilipigwa marufuku kuuzwa kwa watu wa kawaida katika Umoja wa Ulaya mwaka 2018, na bado wanatafuta madalali huku kwetu kwa nguvu.

Dawa, virutubisho na krimu. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni haziruhusiwi Tanzania wala Kenya. Kabla ya kutangaza chochote kinachopakwa au kumezwa, hakikisha usajili wake TMDA (mamlaka ya dawa) au TBS (shirika la viwango) ukiwa Tanzania. Kenya, bidhaa yenye alama ya KEBS, shirika la viwango la huko, unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# na namba ya kibali kwenda 20023. Hii inafaa hata kwa vifaa vya umeme vyenye alama hiyo.

Mikopo na uwekezaji. Tafuta jina kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu ya nchi yako, au mamlaka ya masoko ya mitaji. Picha ya cheti iliyotumwa WhatsApp haitoshi.

Umefanikiwa kama unaweza kujibu, bila kusita: nani anauza, yuko wapi, na nani anamsimamia.

## Hatua ya 6: Inunue, itumie, kisha jaribu kuirudisha

Hatua hii nimeilipia ada. Miaka ya mwanzo nilitangaza kozi moja yenye kamisheni nono. Niliona kurasa tatu za mbele, nikasifia. Watu kumi na mmoja wakanunua. Nusu ya masomo hayakufunguka, na barua pepe ya msaada ilikuwa haijibiwi. Mama mmoja alinipigia, hakugomba, aliniuliza tu: "Mwanangu, wewe uliisoma?" Nilirudisha pesa kutoka mfukoni kwa watatu niliowafahamu. Wengine wanane sijui wananisemaje.

Kwa hiyo nunua kwa bei kamili, kwa akaunti isiyokuwa na uhusiano na linki yako. Andika siku ulipolipa, siku ulipopokea, ulichoahidiwa na ulichokuta. Itumie wiki mbili. Mwalimu wetu ashone nguo kumi kwa overloki ile, asikie kelele zake, aone sindano inakatika baada ya vitenge vingapi, aulize vipuri vinapatikana Kariakoo au mpaka viagizwe.

Kisha omba kurudisha, kama sera yao inaruhusu. Wanakurudishia lini, na kwa maneno gani? Kama mashine unaipenda na hutaki kuirudisha, fanya jaribio hili kwa kitu kidogo kutoka duka hilohilo.

Ukubwa wa bei ukikuzidi, azima kwa fundi aliye nayo, umlipe chochote, ukae nayo siku nzima. Si sawa na kununua, na useme hivyo kwenye video yako.

Umefanikiwa ukiwa na kasoro tatu za kweli za bidhaa hiyo. Ukikosa kasoro, hujaitumia vya kutosha. Kasoro hizo ndizo zitakazouza: ukisema "inapiga kelele, usiishone usiku nyumba ya kupanga", watu wanajua umekaa nayo.

## Hatua ya 7: Jaribio la siku 30

Tangaza bidhaa mbili tu. Kila mahali pawe na linki yake, moja ya TikTok, nyingine ya WhatsApp, ili ujue mauzo yametoka wapi. Programu nyingi zinaruhusu kuongeza alama ya kufuatilia kwenye linki.

Sema wazi unalipwa. Mimi huandika: "Ukinunua kupitia linki hii, duka linanipa kamisheni." Ongeza "bei yako haibadiliki" kama tu umehakikisha haibadiliki. Ukiwa na wateja Marekani, kusema hivyo ni takwa la FTC, tume ya serikali ya huko inayolinda wanunuzi, na Amazon inalidai kwa washiriki wake wote. Hofu kwamba watu watakimbia haina msingi. Waswahili tunajua dalali hali upepo. Kinachowaudhi ni kugundua wenyewe.

Usiamue kabla ya mibofyo 100 kwa kila bidhaa. Baada ya hapo soma hivi: mibofyo michache maana yake swali ulilolijibu halikuwa la watu wako, rudi hatua ya 1. Mibofyo mingi bila mauzo, kuna mlango umefungwa, mara nyingi wa malipo. Jaribu kununua tena wewe mwenyewe hadi mwisho. Mauzo yapo lakini marejesho ni mengi, umeahidi kuliko bidhaa inavyoweza.

Jaribio limefaulu siku pesa ilipoingia kwenye simu au benki yako, hata kama ni ndogo. Namba ya kwenye dashibodi haihesabiwi.

Ukiwa Kenya, kumbuka kwamba tangu Julai 2023 sheria inataja kamisheni za afilieti waziwazi kwenye mapato ya maudhui ya kidijitali, na mkazi hukatwa kodi ya zuio ya 5%. Iingize kwenye hesabu ya hatua ya 3.

## Hatua ya 8: Jua lini kuiacha

Kila miezi mitatu fungua linki zako zote. Bei imepanda? Duka limebadilisha masharti? Mzigo unachelewa? Malalamiko mawili yanayofanana kutoka kwa watu wasiofahamiana yanatosha kusimamisha tangazo wakati unachunguza.

Ukiiacha, usifute kimyakimya. Andika palepale ulipoisifia: "Overloki hii siipendekezi tena, tangu Machi vipuri vimekosekana. Aliyenunua kupitia kwangu na amekwama anitumie ujumbe." Kisha wajibu watakaokutumia, mmoja mmoja, ukiwa na risiti yako ya hatua ya 6 mkononi na jina la mtu wa huduma kwa wateja aliyekujibu siku ile.